Kikundi cha kufa na kuzikana, kaya 30: tuandike nini kabla msiba wa kwanza haujatufika?

Mtaa wa Pili (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Sisi ni kaya 30 za mtaa mmoja, pembezoni mwa Morogoro mjini. Tumekaa vikao viwili kuanzisha kikundi cha kufa na kuzikana. Yaliyopita bila ubishi ni mawili tu: kiingilio 20,000 na ada 10,000 kila mwezi. Baada ya hapo kila mtu na lake. Kuna wanaotaka fedha ikopeshwe ili izae. Kuna wanaosema tusiwe na mfuko kabisa, tuchangishane msiba ukitokea kama zamani. Kuna ubishi kama mkwe ahesabiwe au asihesabiwe. Tuna pia wajane wawili ambao 10,000 kwa mkupuo inawawia nzito, na hakuna anayetaka kuwaacha nje.

Naomba wenye uzoefu wa vikundi hivi mnisaidie: katiba iseme nini, hesabu zipigwe vipi, na wapi vikundi vya namna hii huwa vinavunjikia. Msinitumie katiba za kunakili mtandaoni, ninazo tatu na zote zinafanana.

---

Daftari Wazi

Ubishi wenu wote una mzizi mmoja: hamjaandika nani anamdai nani, kiasi gani, na lini.

Kusaidiana ni deni la pande zote. Anayetoa leo hatoi sadaka, anatoa kwa sababu na yeye kesho ana haki ya kudai. Anayepokea hapimwi kama ni maskini vya kutosha. Mwenye duka na muuza mchicha wanalipa sawa na wanapata sawa. Siku mtakapoanza kuulizana "huyu mbona anajiweza, rambirambi ya nini?", mtakuwa mmegeuka kamati ya kugawa misaada. Wanaojiweza watajitoa kimya kimya, na ada zao ndizo zilizokuwa zinashika mfuko. Kwa hiyo haki ya kupata itokane na uanachama ulio hai, basi. Isitokane na huruma ya kikao.

Sasa wanaohesabiwa. Andikeni majina, msiandike vyeo vya ukoo. Siku ya kulipa kiingilio kila mwanachama ajaze fomu: mwenzi, watoto (wekeni mwisho wa umri, kwa mfano miaka 21), wazazi wawili, wakwe wawili, wote kwa majina kamili. Mama mdogo aliyemlea mtu ni mama yake, hakuna wa kubisha, ila nafasi za wazazi ni mbili na mwenyewe achague ataandika nani. Mwenye wake wawili vivyo hivyo: ama nafasi ya mwenzi ni moja, ama analipa nyongeza ya ada kwa nafasi ya pili. Majina yabadilishwe mara moja kwa mwaka, mwezi mmoja uliotajwa, siyo wakati mtu amelazwa.

Na mkwe? Hilo ni swali la hesabu, msilifanye la heshima. Kusanyeni fomu zote 30, hesabuni wazee walio hai. Tuseme mmepata wazazi 40 na wakwe 30, jumla 70. Kwa kupanga tu, kadirieni mzee mmoja kati ya 20 kwa mwaka. Hiyo ni misiba mitatu au minne, wekeni minne: wazazi wawili, wakwe wawili. Wengine wote (wanachama, wenzi, watoto) tuseme ni 130. Wekeni msiba mmoja kwa mwaka.

Viwango vya mfano: mwanachama 1,000,000, mwenzi au mtoto 600,000, mzazi 400,000, mkwe 200,000, kulazwa hospitali usiku mitatu au zaidi 100,000. Mwaka wa kawaida unakuwa hivi: mtoto au mwenzi 600,000, wazazi wawili 800,000, wakwe wawili 400,000, waliolazwa wanne 400,000, nauli za wawakilishi na daftari 200,000. Jumla 2,400,000. Ada zenu kwa mwaka ni 10,000 mara 30 mara 12, yaani 3,600,000. Inabaki 1,200,000.

Kabla hamjafurahi, pigeni hesabu ya mwaka mbaya: mwanachama mmoja 1,000,000, mtoto 600,000, wazazi wanne 1,600,000, wakwe wanne 800,000, waliolazwa sita 600,000, na zile 200,000. Hiyo ni 4,800,000. Pengo ni 1,200,000, yaani masalio yote ya mwaka mmoja mzuri. Kwa hiyo masalio ya mwaka wa kwanza hayagawanywi, hayanunui sare, hayafanyi sherehe ya kufunga mwaka. Na angalieni tena: wanachama watano tu wakiacha kulipa, mapato yanashuka hadi 3,000,000 na masalio ya mwaka mzuri yanakuwa 600,000. Mkwe anaingia kama hesabu hii inambeba. Isipombeba, mpunguze kiwango chake au mpandishe ada, lakini mfanye hivyo sasa. Kumfuta mkwe baada ya wakwe watatu wa wengine kuzikwa vizuri ni kuanzisha vita.

Muda wa kusubiri: miezi mitatu tangu kuanza hakuna malipo kutoka mfukoni. Mwisho wa miezi hiyo mtakuwa na kiingilio 600,000 na ada 900,000, jumla 1,500,000, inayotosha msiba wa mwanachama na wa mzazi mmoja vikifuatana. Msiba ukitokea ndani ya muda huo mchangishane kwa mkono, kiwango kimoja kwa wote. Atakayejiunga baadaye asubiri miezi sita, na kiingilio chake kifuate akiba iliyopo. Mfuko ukiwa na 1,800,000 kwa watu 30, mgeni analeta 60,000. Wengi huona ni ukatili, kumbe bila hivyo mtu anakaa nje miaka miwili akiwaangalia, mzazi akianza kuugua ndipo anakuja na 20,000 yake.

Na hapa ndipo vikundi vingi vinavunjika: mwenye madeni ya ada. Kanuni ya kawaida ni kwamba aliyekosa miezi mitatu mfululizo si hai. Sawa, ila andikeni na njia ya kurudi: analipa madeni yote, faini, halafu anasubiri siku 60 kabla haki haijarudi. Mkiacha zile siku 60, watu watalipa madeni asubuhi wakiwa wametoka mochwari. Mweka hazina atapokea kwa aibu, maana nani atamkatalia mfiwa? Msimweke mweka hazina wenu kwenye mtihani huo.

---

Kufuli Tatu

Nakubaliana na aliyetangulia. Nitasema juu ya ulinzi wa fedha na hoja ya kukopesha.

Vikundi vya hisa na mikopo mnavyoviona kila kijiji vinatumia utaratibu ulioanzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa vikundi vya wanawake vilivyosaidiwa na shirika la CARE. Kuna kitu kimoja ndani yake ambacho waigaji wengi hukiruka: fedha ya hisa na fedha ya mfuko wa jamii hazichanganywi hata siku moja. Zinawekwa kwenye mifuko miwili tofauti ndani ya sanduku moja, zinahesabiwa mbalimbali na kutangazwa mbalimbali. Fedha ya hisa inakopeshwa kwa riba na kugawanywa mwisho wa mzunguko. Ya jamii inakaa ikisubiri shida.

Sababu iko wazi. Fedha iliyokopeshwa haipo. Msiba ukitokea Jumatano, daftari litasema mna 2,300,000, lakini 1,900,000 iko kwenye mbegu, kwenye bodaboda na kwenye ada za shule. Mfiwa anaambiwa asubiri marejesho. Hapo kikundi kimeshakufa, hata kama vikao vitaendelea miezi minne mingine.

Wanaotaka ikopeshwe waanzishe kitabu cha hisa pembeni, kwa hiari. Utaratibu uliozoeleka: hisa moja hadi tano kwa kikao, kila hisa muhuri mmoja kwenye kitabu cha mwanachama, mkopo usizidi mara tatu ya hisa za mkopaji, mwisho wa miezi 12 kila kitu kinarejeshwa na kugawanywa, mnaanza upya. Kugawana huko kwa mwaka ndiko ukaguzi mkubwa kuliko wote, kwa kuwa siku hiyo fedha ama ipo mezani ama haipo.

Sanduku: kufuli tatu, funguo kwa watu watatu ambao si viongozi na hawaishi nyumba moja, na anayetunza sanduku asiwe na ufunguo wowote. Lifunguliwe kikaoni tu, isipokuwa kwa dharura ya msiba. Kikao kinaanza hivi: kabla sanduku halijafunguliwa, mwenyekiti anauliza, "Kikao kilichopita mfuko wa jamii tuliufunga na shilingi ngapi?" Wanachama wanajibu kwa kichwa, bila kutazama daftari. Ndipo wahesabuji wawili wanahesabu mbele ya watu. Ikilingana, mnaendelea. Isipolingana, hakuna ajenda nyingine. Asiyejua kusoma analinda fedha sawasawa na mwalimu, kwa sababu namba moja kila mtu anaweza kuondoka nayo kichwani.

Ila kwa kiasi chenu, msilaze milioni moja na nusu ndani ya nyumba ya mtu. Sanduku libaki na 300,000 za dharura, nyingine benki au kwenye akaunti ya kikundi ya simu. Watia saini wawe wanne, wagawanywe pande mbili za watu wawili wawili, na saini moja kutoka kila upande itoshe. Wakiwa wawili tu, siku mmoja wao akifiwa yeye, simu yake imezimwa, yuko safarini na jeneza, fedha yenu inakaa benki mpaka arobaini. Na ile 300,000 isipungue, kwa sababu watu hufa Ijumaa usiku na benki hufunguliwa Jumatatu.

---

Mtaa wa Pili

Asanteni sana. Hoja ya mkwe imekwisha, kesho nawapelekea zile hesabu.

Bado wapo wanaoshikilia kuchangishana kila msiba. Wanasema mfuko unaleta wezi, na mambo ya mfuko ni ya mjini, wazee walizikana bila mfuko. Na lile la wajane?

---

Daftari Wazi

Wana hoja, msiwadharau. Kuchangishana kwa mkono hakuna cha kuibwa. Udhaifu wake uko kwenye zamu. Msiba wa kwanza watu 30 wanatoa 10,000, mfiwa anapata 300,000. Ikitokea misiba mitatu ndani ya miezi miwili, wa tatu unachangiwa na 17, wengine wanaahidi. Aliyefiwa mwisho alitoa kamili kwa wawili waliotangulia. Hasemi kitu pale pale, lakini ndiye atakayekuwa wa kwanza kuondoka. Mfuko unampa wa mwisho sawa na wa kwanza, faida yake ni hiyo tu.

Mnaweza kuchanganya: mfuko ulipe viwango vilivyoandikwa, na kuwe na mchango wa ziada wa lazima kwa tukio moja tu, kifo cha mwanachama mwenyewe, kwa mfano 5,000 kila mmoja. Mingine iwe hiari na isiandikwe kwenye daftari la kikundi. Ikiandikwa inageuka mashindano ya nani katoa kiasi gani.

Kuhusu wazee: hawakuwa na mfuko wa fedha, lakini walikuwa na kanuni kali. Msaragambo wa Wapare ulikuwa kazi ya pamoja, na asiyetokea alitozwa. Watani nao walikuwa na kazi zao msibani, zilizojulikana kabla mtu hajafa. Utaratibu ulikuwepo, haukuandikwa tu kwa sababu kila mtu aliukulia ndani yake. Mtaa wenu una watu wa makabila kumi, hakuna utaratibu mlioukulia pamoja. Ndiyo maana mnaandika.

Wajane: kwanza waulizeni kama tatizo ni 10,000 au ni mkupuo. Mara nyingi ni mkupuo. Mwenye genge anaweza kutoa 2,500 kila wiki asiweze 10,000 tarehe 30. Wapeni kadi ya wiki nne. Kama kiasi chenyewe ndicho kizito, wekeni nusu uanachama kwa yeyote anayetaka: ada 5,000, viwango nusu, kura moja kamili. Lisiwe jambo la wajane, liwe mlango ulio wazi kwa wote, hata kijana anayeanza maisha aupitie. Msamaha wa siri wa viongozi ndio msiuruhusu. Utajulikana, na utadaiwa na wengine.

---

Jiko la Msiba

Mnaongelea fedha tu, jamani, wakati nusu ya msaada wa msiba ni mikono. Mfiwa ukimpa 400,000 halafu hana mtu wa kusimamia jiko, nusu inaishia kwa wapishi wa kukodi na vyombo vya kukodi.

Gawanyeni kaya 30 kwenye zamu tatu za kaya 10. Zamu moja inabeba msiba mzima, inayofuata inakaa tayari kuipokea. Ndani ya zamu: wanne jiko, watatu kaburi, wawili maji, viti na turubai, mmoja mezani na daftari la rambirambi. Huyu wa daftari asiwe ndugu wa mfiwa, na afunge hesabu kila jioni mbele ya mfiwa na shahidi mmoja, wote watatu wasaini chini ya ukurasa. Maneno mengi ya msibani huzaliwa kwenye hilo daftari.

Faini ya kutotokea kazini iwe sawa na malipo ya kibarua wa siku hapo kwenu. Mkiweka 2,000 wakati kibarua analipwa 10,000, kila mwenye nafasi atalipa 2,000 na kubaki dukani kwake, na kazi itawaangukia walewale wachache mpaka wachoke. Watatokea wanne kati ya kumi kwa sababu mtakuwa mmeuza ruhusa kwa bei ya soda. Wazee na wagonjwa watume mtu, hiyo haina faini.

Chakula kwa watu 100, mlo mmoja, bila kubahatisha: mchele kilo 15, maharage makavu kilo 9, mafuta lita 3 kwa vyote, vitunguu kilo 4, nyanya kilo 5, chumvi nusu kilo ikionjwa. Mkipika ugali, unga kilo 20. Chai ya asubuhi kwa vikombe viwili kila mtu, sukari kilo 2. Maharage yalowekwe usiku. Yasipolowekwa mnateketeza mkaa mwingi zaidi, na chakula kinatoka saa tisa alasiri wakati watu wa mbali wameshaondoka na njaa. Pikeni kwa idadi ya waliolala na waliothibitisha, halafu ongezeni robo. Siku ya mazishi ndiyo ya watu wengi, siku ya pili wanashuka zaidi ya nusu, na hapo ndipo chakula humwagwa.

Nyama msiahidi. Kikundi kikishapika nyama kwa mmoja, kila msiba unaofuata utadai nyama.

Vyombo vya kuanzia, kabla ya kununua chochote cha fahari: sufuria mbili kubwa zenye mifuniko, moja ya wali na moja ya mboga, sahani 120, vikombe 120, ndoo sita, madumu kumi ya lita 20, miiko mitatu mirefu, turubai moja. Viti kodini kwanza. Pakeni alama ya rangi ya mafuta chini ya kila sahani na kikombe, rangi moja ambayo majirani hawana. Vinatoka kwa kuhesabiwa na vinarudi kwa kuhesabiwa na watu wawili, mchana, siyo usiku baada ya kuosha. Kilichopotea kinalipwa na zamu nzima, hata kama mlioshaji anajulikana. Wataangaliana wenyewe.

Harusi je? Vikodishwe kwa bei iliyobandikwa, na mwanachama naye alipe japo nusu. Vyombo vinavyoazimwa bure havimalizi miaka miwili. Na katiba iseme msiba una haki ya kwanza hata kama vyombo vimeshalipiwa harusi. Mwenye harusi arudishiwe fedha yake saa hiyo hiyo.

---

Mwana wa Pangani

Swali la riba mtaa wenye Waislamu litakuja tu, bora liamuliwe mapema. Mfuko wa msiba hauna shida kama kila mtu anatoa kwa nia ya tabarrui, yaani ametoa kwa ajili ya wenzake na hadai kurudishiwa akijitoa. Ndiyo misingi ya takaful, yaani bima ya Kiislamu. Shida inaanza mkiukopesha kwa nyongeza, na hiyo ni sababu nyingine ya kufuata ushauri wa Kufuli Tatu wa kutenganisha vitabu.

Jambo la pili ni muda. Waislamu wanazika mapema, mara nyingi siku hiyo hiyo. Katiba zinazosema "malipo yatatolewa baada ya kuwasilisha kibali cha mazishi na barua ya mwenyekiti wa mtaa" zinamlipa Mwislamu baada ya watu kutawanyika. Andikeni hivi: nusu ya kiwango inatoka ndani ya saa sita baada ya viongozi wawili kufika nyumbani na kuthibitisha kwa macho, nusu nyingine ikifuata karatasi ndani ya siku saba. Msiba wa mkoani ambako hamuwezi kufika, uthibitisho utoke kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa wa huko kwa simu, na namba yake itafutwe na katibu mwenyewe. Msipewe na mfiwa.

---

Afisa Mstaafu

Upande wa sheria kwa kifupi.

Mkikusanya ada na kusaidiana misiba tu, anzieni ofisi ya mtaa na kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Atawaelekeza usajili unaowafaa, na mtahitaji katiba, muhtasari wa kikao kilichopitisha katiba wenye saini za wote, na orodha ya viongozi. Bila utambulisho huo benki haitawafungulia akaunti ya kikundi. Mkianzisha hisa na mikopo, hapo mnaingia kwenye Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Nyinyi ni daraja la nne, vikundi vya kijamii, na usajili wake unapitia halmashauri.

Kuna mtego mmoja. Mtasikia mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ile ya wanawake 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2. Ni haki ya wanaostahili, lakini waombaji waunde kikundi chao cha uzalishaji. Msiitumie katiba ya kufa na kuzikana kuombea mkopo wa kuku, maana deni la kuku litakuja kudaiwa kwenye fedha ya sanda.

---

Mtaa wa Pili

Shikamoo mzee, hilo la kuku limeshazungumzwa kikaoni, nashukuru umeliwahi.

La mwisho, wakuu. Adhabu na migogoro tuiwekeje? Tuna mzee mmoja anapendekeza asiyelipa mara ya kwanza afukuzwe. Pia kijana wetu mmoja anahamia Dodoma mwezi wa nne, anauliza kama atarudishiwa fedha yake.

---

Daftari Wazi

Marahaba nimwachie mzee.

Kufukuza mara ya kwanza hakufanyi kazi, kwa sababu adhabu ikiwa kubwa kuliko kosa hakuna atakayeitekeleza. Mwenyekiti atamwonea haya jirani yake, atamruka, na kuanzia hapo kanuni zote zinakuwa mapambo. Elinor Ostrom, yule mama Mmarekani aliyepewa Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jumuiya zinazotunza misitu, malisho na mifereji kwa pamoja bila kuharibu. Katika mambo aliyoyakuta kwenye zile zilizodumu ni kwamba adhabu zinapanda ngazi kwa ngazi, wasimamizi wanawajibika kwa wanachama wenyewe, na ugomvi unamalizwa karibu na kwa gharama ndogo. Yanafaa kabisa kwa msiba.

Ngazi zenu ziwe hivi: kuchelewa mwezi mmoja, jina linasomwa kikaoni bila faini. Miezi miwili, faini 1,000 na mjumbe mmoja anamtembelea nyumbani kujua kama ana shida. Huko kutembelea msikuruke, maana baadhi ya wanaoacha kulipa wana ugonjwa au wamefukuzwa kazi na wanaona aibu kusema. Miezi mitatu, haki zinasimama. Sita, jina linatoka, na anaweza kuomba upya kama mgeni. Wizi wa fedha ya kikundi ni kosa la peke yake, halipitii ngazi.

Mgogoro uende kwa watu watatu wanaochaguliwa kila mwaka, wasio viongozi, na uamuzi utoke ndani ya siku 14. Anayehusika akiwa ndugu wa mmoja wao, anaingia wa akiba.

Ongezeni vipengele viwili ambavyo katiba zako tatu za mtandaoni huenda hazina. Kwanza, mwanachama akifa yeye, nani anapokea ile 1,000,000? Fomu iwe na mteule na mteule wa pili, kwa majina na saini ya mwanachama, na katiba itamke kuwa kikundi kinamlipa mteule, hakimlipi msemaji wa ukoo. Bila hivyo mtajikuta katikati ya mjane na mashemeji, na kila upande utasema kikundi kimehongwa. Madeni ya ada ya marehemu yakatwe humo humo. Pili, taarifa ya mapato na matumizi ikirushwa kwenye kundi la WhatsApp itumie namba za wanachama. "Namba 12, kulazwa, 100,000" inatosha. Ugonjwa wa mtu na jina lake visipite kwenye simu za watu.

Kijana wa Dodoma: kiingilio na ada havirudi, kwa kuwa kwa miezi yote aliyolipa alikuwa amekingwa, na ada zake zimeshazika wa wengine. Mkirudisha kwa mmoja, kila anayegombana na mwenyekiti atadai chake na mfuko utaisha bila hata mtu kufa. Mpeni uchaguzi. Anaweza kubaki kwa ada ileile pamoja na nyongeza ya 3,000 kwa mwezi badala ya kazi za mikono asizoweza kuja kufanya, na msiba wake ukitokea huko mnatuma wawakilishi wawili kwa nauli ya kikundi. Au ajitoe kwa barua, na haki yake iendelee siku 30 baada ya ada yake ya mwisho. Aamue kabla hajapakia mizigo, na katibu aandike tarehe.